Aliyelipa Deni Lisilo Lake

Msiba ulikuwa Tanga. Jeneza lilishatolewa nje, wanaume wameshapanga safu tayari kwa sala, ndipo msemaji wa familia akashika maiki. Maneno yale yale. Kama kuna aliyekosewa na marehemu amsamehe kwa ajili ya Mungu, na kama kuna mtu anamdai marehemu asione haya, amfuate kaka yake huyu hapa, familia ipo tayari kumalizana naye.

Sisi wanawake tulikuwa uani tunahangaika na chakula. Mi nachambua mchele, pembeni yangu mamdogo kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Sasa huyu mamdogo ndo aliwahi kuwa mke wa marehemu, zamani hizo, kabla jamaa hajaondoka asubuhi moja akaacha nyumba, watoto na mikopo ya kausha damu iliyoandikwa kwa jina la mke, maana yeye mwenyewe alikuwa hakopesheki tena mtaa mzima. Mamdogo aliilipa yote. Cherehani ikaondoka, kabati la vyombo likaondoka, na vitumbua vya alfajiri alivipika mpaka sisi tunamaliza shule bado vinapikwa.

Spika iliposema "anayemdai" mkono wake ukasimama. Kifuu kimebaki juu ya meno ya mbuzi. Halafu akaendelea kukuna.

Kule nje hakujitokeza mtu.

Toka siku ile sijatulia. Sio kwamba nilitaka asimame adai, angesimama ingekuwa aibu ya ukoo mzima na wangesema ana roho mbaya, mtu kafa bado unamwandama. Ila kuna hesabu ilipita pale, na kila mtu mle uani aliijua, na ikaenda kuzikwa hivyo hivyo.

Mi kitu kikinikaa kichwani natafuta kusoma au kuangalia kitu cha mbali kabisa. Safari hii nikaangukia kwenye kauboi.

## Jina la mwanamke kwenye picha la kauboi

Kaka yangu ni mgonjwa wa hizi picha. Tumekulia kwenye mabanda ya video, unatoa hela yako unakaa kwenye benchi, na sheria za mle ndani kila mtoto anazijua: steringi hafi, adui atakufa mwishoni kabisa, na mwanamke kazi yake ni kuokolewa. Basi siku hiyo kaka kaweka lile la John Ford la mwaka 1962, The Man Who Shot Liberty Valance, lenye John Wayne na James Stewart, la nyeusi na nyeupe. Majina yanapita mwanzoni. Nikaona limeandikwa limetokana na hadithi ya Dorothy M. Johnson.

Dorothy?

Nikamwambia kaka simamisha hapo. Akakasirika. Lakini mi nilishatoka, nipo kwenye simu natafuta huyu Dorothy ni nani, na usiku ule picha sikuiangalia tena.

Kumbe ndiye huyo huyo aliyeandika A Man Called Horse, ile iliyochezwa na Richard Harris mwaka 1970, na The Hanging Tree ambayo Gary Cooper aliicheza mwaka 1959. Picha kubwa tatu za kauboi, na zote zimetoka kwenye taipureta ya mwanamke mmoja mwenye miwani aliyefanya kazi za ofisini karibu maisha yake yote.

## Mji wa visiki

Alizaliwa 1905 Iowa ila ukimuuliza kwao wapi angekwambia Whitefish, Montana, kule juu karibu na mpaka wa Kanada. Mji wa reli. Walikata msitu ili kuujenga na hawakung'oa visiki, mpaka watu wakauita mji wa visiki, magari ya farasi yanazunguka visiki katikati ya barabara. Watu wa Magharibi wa kwenye picha, wale wenye bastola mbili, hakuwakuta. Aliowakuta ni wafanyakazi wa reli, wakata magogo, wajane, na wazee waliokuwa bado wanakumbuka mambo ya zamani.

Baba yake akafa yeye akiwa bado mtoto wa shule ya msingi.

Mtoto wa pekee. Mama akabaki na binti na nyumba ya kuendesha, akaingia kazini, na binti naye akiwa bado anasoma akawa anashika zamu za opereta wa simu pale mjini, yule anayekaa mbele ya ubao wa nyaya anachomeka waya huku na huku ili watu waongee. Hapo mi nilitulia nikafikiria. Msichana mdogo, mji mdogo, simu zote zinapita mkononi mwake, nani anampigia daktari usiku, nani anamtafuta mume. Kama kuna chuo cha kumfundisha mtu kuandika maongezi basi ni hicho, na alikuwa analipwa.

Akaenda chuo Bozeman, huko huko Montana, akitaka udaktari, akaacha, akahamia chuo kikuu kwenye mji mwingine wa Montana, Missoula, kusoma Kiingereza. Humo ndo uandishi ukamshika.

Na humo humo akaolewa.

## Askari wa kamari

Mwaka 1927 hivi, bado mwanafunzi, alimpata askari. Jina lake silileti hapa, halina faida. Jamaa alikuwa mcheza kamari. Siku hizi tungesema mtu wa mikeka, anashinda kwenye simu anasubiri timu tano zishinde ugenini, enzi hizo ilikuwa karata na meza. Ndoa haikufika mbali. Jamaa akaondoka, madeni yakabaki.

Kwa nini yeye alipe?

Hilo swali lilinisumbua kuliko mengine yote, na kusema kweli nilikuwa namuuliza mtu mwingine kabisa. Nilikuwa natafuta sehemu atakayoeleza, aseme nililazimishwa, au niliogopa mahakama, au mama yangu aliniambia. Lakini mtu aliyekulia mji mdogo unamwelewa bila maelezo. Unaingia duka lile lile kila siku. Mwenye duka ndo yule yule aliyekuuzia viatu vya shule. Karatasi inaweza kusema deni ni la mume, ila anayekutana na mwenye duka asubuhi ni wewe, mume yuko wapi hakuna anayejua. Mamdogo nae alikuwa anapita njia ya nyuma ya soko miaka ile, nilikuwa namfuata nyuma nimebeba ndoo na sikuwahi kuuliza kwa nini tunazunguka.

Basi Dorothy akalipa. Kidogo kidogo, kwa mshahara wa kupiga taipu. Alifanya kazi jimbo la Washington, akaenda Wisconsin, mwaka 1935 akaingia New York kwenye kampuni ya Gregg, wale wa vitabu vya hatimkato na ukarani. Hakuolewa tena.

## Dola 400 na kimya

Mwaka 1930 aliuza hadithi yake ya kwanza kwa Saturday Evening Post. Dola 400.

Kwa wasiojua, miaka ile Marekani majarida ndo yalikuwa kama televisheni, na Post lilikuwa kwenye kilele, linasomwa na mamilioni, na linalipa hela ya maana. Dola 400 mwaka 1930, mdororo wa uchumi ndo unaanza kuuma, watu wanapoteza kazi, hiyo ilikuwa mishahara ya miezi kadhaa ya karani. Ukiwa na miaka 24 ukapata hiyo kwa hadithi moja unaona maisha ndo yamefunguka, sa hivi naandika, nalipa madeni, naacha ofisi.

Hakuuza nyingine kwa miaka 11.

Kumi na moja! Nilipofika hapo nilifunga simu nikatoka nje.

Nilikuwa nimeshaanza kumtengenezea mwanamke huyu stori nzuri kichwani, ile tunayoipenda sote, ya kwamba shida zilimkomaza, Mungu alikuwa anamwandaa, bila yule mume mcheza kamari tusingepata hadithi hizi. Ukikaa vikoba vya kina mama utaisikia stori hiyo kila wiki. Mtu kaachiwa madeni, kauza kila kitu, wenzie wanamwambia huo ni mtihani tu shoga, utatoka hapo ukiwa chuma. Na mi mwenyewe nilikuwa naisikia stori hiyo kila mtu akimsifia mamdogo, mwanamke jasiri yule, mwanamke wa shoka.

Sasa weka ile miaka mezani uiangalie. 1930 mpaka 1941. Mwandishi aliyekwishaonyesha kwamba anaweza, kutoka umri wa miaka 24 mpaka 35, miaka ambayo mtu ana nguvu na macho yake hayajachoka, na hakuna kilichouzwa. Mchana yupo ofisini anahariri vitabu vya ukarani. Sisemi deni peke yake ndo lilimfunga mdomo, soko lilikuwa baya na wahariri walikuwa wanarudisha hadithi za watu kila siku. Ila mtu anayelipa deni la mtu mwingine hana nafasi ya kuacha kazi akajaribu bahati mwaka mmoja. Hana nafasi ya kuandika vibaya kwanza ndo aje aandike vizuri.

Mwaka 1941 akawauzia Post hadithi nne kwa mpigo, za mwalimu mmoja mwanamke mcheshi aitwaye Beulah Bunny. Dola 2,100. Angalia vizuri kilichomtoa: hadithi za kuchekesha. Sio majonzi, sio mume, sio kamari. Alijifunza kazi, akajua jarida linataka nini, akawapa.

Deni halikumfundisha kitu pale.

## Anayedaiwa ni nani hasa

Za kauboi hasa zilikuja baadaye kidogo na hapa ndo nilipompenda moja kwa moja. Alikuwa bado New York, mhariri wa jarida la wanawake, anatoka kazini anaenda kuandika nyika za Montana akiwa kwenye chumba cha mjini. Hadithi ya Liberty Valance ilitoka kwenye jarida la Cosmopolitan mwaka 1949. Nimeisoma. Ni fupi, na inaanzia msibani.

Bert Barricune amefariki, mwaka 1910. Watu waliokuja kuzika hawazidi kumi na mbili. Mmoja wao ni seneta, mtu mkubwa, mwandishi wa habari kijana anamshangaa, mzee wewe unamjuaje huyu marehemu? Seneta anajibu kwa kifupi tu kwamba alikuwa rafiki yake. Sisi wasomaji ndo tunarudishwa nyuma tuone. Seneta huyo jina lake lilipanda kwa sababu inasemekana alimuua jambazi Liberty Valance. Aliyepiga risasi ni Barricune, kutoka gizani. Akamwachia mwenzie sifa, akamwachia na Hallie, yule mwanamke ambaye wote wawili walimpenda, halafu akaendelea kuzeeka bila jina.

Yaani steringi tunayemjua siye. Na aliye steringi kweli anazikwa na watu wachache, na mdaiwa wake mkubwa yupo pale amesimama amevaa suti nzuri na hasemi kitu.

Kwenye banda letu la video wangerusha chupa.

Ford kwenye picha alibadilisha majina na akaongeza mambo mengi, John Wayne hawezi kuwa mdogo kwenye skrini hata akitaka. Kwenye maandishi Barricune ni mtu wa kawaida zaidi, na ndo maana inauma zaidi. Mi hadithi naiweka juu ya picha, kaka hakubali, tumeacha.

Halafu ile ya 1950, A Man Called Horse. Kijana wa Boston wa familia yenye hela anatekwa na Wacrow, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, anapewa bibi kizee mmoja mkali amtumikishe. Anafungwa kamba kama farasi, anabeba kuni, anapigwa, na kichwani anaamua basi mi ni farasi, ili asiwe mtumwa. Baadaye anaua maadui, anapata farasi wake, anamwoa binti wa yule bibi. Sasa kwa desturi ya Wacrow mkwe na mama mkwe hawaongei, hawatazamani, wanakwepana, na hapo msomaji wa kwetu hahitaji maelezo ya ziada maana wengi tunazo koo ambazo mpaka leo mkwe akipita unabana ukutani.

Binti anafariki, mtoto nae hakupona. Kaka wa binti nae anauawa. Bibi anabaki hana mtu, na kizee asiye na mtu kwenye kundi linalohama hama anajulikana mwisho wake. Kijana yuko huru. Farasi anao. Boston ipo. Hakuna sheria inayomfunga kwa mwanamke aliyemtesa.

Anabaki. Anamwita mama. Anakaa naye mpaka bibi anapokufa, ndo anarudi kwao.

Nilisoma mwisho wa hadithi hii nikiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto na nikapitiliza kituo. Kwa sababu Johnson hakuandika kwamba mateso yalimfanya kijana kuwa mtu mwema. Aliandika kwamba kijana aliangalia hali ilivyo, akaona hakuna mwingine wa kufanya, akafanya. Baridi kabisa. Hakuna muziki. Mtu aliyewahi kulipa deni lisilo lake anaandika hivyo, anajua kwamba siku ile huhisi utukufu wowote, unahesabu tu.

Kwa hiyo haya nayakubali: kitu cha deni kilimwingia kwenye hadithi. Ila kuingia kwenye hadithi na kuwa mwalimu wa hadithi ni mambo mawili, na nimekaa na tofauti hiyo siku nyingi.

## Jiwe

Mwaka 1950 alirudi Whitefish akawa mhariri wa gazeti la pale mjini, kisha 1953 akahamia Missoula, akawa katibu wa chama cha magazeti cha Montana na anafundisha uandishi wa habari chuo kikuu. Kazi ya ofisi tena. Hadithi yake Lost Sister ikachukua tuzo ya Spur ya waandishi wa Western, yaani hadithi za kauboi, chama kilichokuwa kimejaa wanaume. Hollywood ikaja mara tatu. Yeye anasahihisha kazi za wanafunzi.

Alifariki Novemba 1984, Missoula, miaka 78, akazikwa Whitefish. Na jiwe la kaburi lake aliagiza mwenyewe kiandikwe nini. Neno moja.

PAID.

Kalipa. Au kimelipwa. Watu wengi wanalisoma kama ushindi, kwamba mwanamke huyu alimaliza madeni yote akaondoka na heshima yake, na kila ukitafuta habari zake utaambiwa kuhusu hilo jiwe kwanza kabla ya hadithi. Ni stampu ya dukani ile, inayogongwa kwenye risiti ukishamaliza, na nadhani alikuwa anacheka kidogo, alikuwa mtu wa utani. Mi mwanzoni nililipenda bila maswali. Halafu nikaanza kuona kitu kingine. Mtu anafariki na picha tatu kubwa duniani, na vitabu zaidi ya kumi, na jambo analotaka tulijue ni kwamba hadaiwi. Miaka zaidi ya 50 baada ya yule askari kuondoka.

Sijui nifurahi au nisikitike. Nimeandika aya hii mara nyingi, nimefuta, naiacha hivi.

Ninachoweza kusema ni kwamba aliyetakiwa kuandikiwa neno hilo kwenye jiwe lake ni mwingine. Na hakulilipia.

## Riwaya zilikuja lini

Kuna rafiki yangu anafundisha fasihi, nilimweleza haya yote akaniambia ndo hivyo dada, maumivu ndo wino. Nikamwambia fungua orodha ya vitabu tuangalie.

The Hanging Tree, 1957, ni hadithi ndefu, ndo inabeba jina la kitabu, zingine mle ni fupi. Indian Country, 1953, zote fupi. Kwa nini fupi? Fupi inaandikika jioni baada ya kazi. Fupi inauzika kwa jarida wiki hii na hundi inakuja. Riwaya inataka uwe na asubuhi zako, nyingi, mfululizo, na mtu mwingine alipe kodi.

Alistaafu chuo mwaka 1967. Mwaka 1977 ndo ikatoka Buffalo Woman, riwaya nzima, maisha ya mwanamke wa Kilakota, kabila jingine la wenyeji wa asili, toka anazaliwa mwaka 1820 mpaka baada ya vita vya Little Bighorn ambapo Walakota na wenzao waliwapiga askari wa Marekani, yaani Magharibi yote ile ya kwenye picha inatazamwa kutoka upande wa pili, na anayetazama anashona ngozi, anazaa, anazika watoto, anahama. Mwaka 1979 akaiendeleza kwa All the Buffalo Returning. Alikuwa na miaka 71 ya kwanza ilipotoka. Miaka 73 ya pili.

Riwaya zake kubwa mbili za Western, zote baada ya kustaafu, zote baada ya kuwa hana wa kumlipia wala wa kumlisha.

Rafiki yangu akasema lakini angeziandika akiwa kijana zisingekuwa na uzito huo. Labda. Nikamwomba anitajie zile ambazo Dorothy angeandika kati ya 1930 na 1941, tulinganishe uzito. Akacheka, akabadilisha mada, akaniuliza kama ninayo Buffalo Woman nimwazime. Ninayo kwenye simu, nipo sura za katikati, na simwazimi mpaka nimalize.